Mshika Taa

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, juu, upande wa kulia, na tundu lake lilikuwa dogo mno. Ukilitazama haraka haraka ungedhani mwenye jino kala kitu cheusi akasahau kusukutua. Mwenye jino alikuwa binti mkubwa wa Tabibu wa Meno wa kituo cha afya. Wiki mbili mbele, siku ya Jumatatu, binti huyo angeanza kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima, na barua ya kazi ilisema wazi kwamba anatakiwa mtu nadhifu, mchangamfu, mwenye tabasamu. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti pale sebuleni mara nne. Mara ya nne watu wote waligeuka wakamtazama Tabibu.

"Baba, si ulisema utaliziba?" binti akauliza.

"Nilisema, na sijafuta kauli. Lakini haraka ya nini? Wiki ijayo wageni si wanakuja?"

"Wageni gani tena?"

"Madaktari wa meno, mama! Kutoka ng'ambo! Wanakuja na mashine, wanakuja na taa ya bluu, wanakuwekea dawa nyeupe kama jino lenyewe, hata mumeo wa baadaye hatajua. Mimi nikuzibe kwa kijiko, wewe mtu wa ofisi?"

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na lawama zote mpelekeeni mwenyewe, kwa sababu kuliziba aliweza. Kazi hiyo ndiyo aliyosomea miaka mitatu na kuifanya miaka ishirini na miwili. Unakwangua uozo taratibu kwa kijiko kidogo cha chuma, unachanganya unga na maji yake mpaka unanata, unashindilia kwa kidole, unasubiri ukauke. Dakika ishirini umemaliza, na jino linaishi. Kabatini kwake ilikuwemo chupa ya unga imebaki nusu. Lakini Tabibu wetu alikuwa na ugonjwa ambao hata wewe unayesoma huenda unao: kila kilichotoka mikononi mwake mwenyewe alikiona cha kubahatisha, na kila kilichoshuka kwenye ndege alikiona cha kitaalamu.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na haongei sana akiwa na pini mdomoni, alizitoa pini akasema, "Mume wangu, chako si kipo? Mzibe mtoto yaishe."

"Mama watoto, niachie mambo ya meno mimi."

Akaachiwa.

Wageni walifika Jumapili na masanduku kumi na mawili. Tabibu ndiye aliyeyapokea, roho juu, akayafungua moja baada ya jingine akitafuta mashine. Sanduku la kwanza, ndoo ndogo za plastiki. La pili, ndoo. La tatu, mataulo ya kijani. Alipofika la kumi na moja alikuwa amekwisha kuona ndoo, mataulo, miswaki, fulana na puto za watoto. La kumi na mbili lilikuwa na sindano za ganzi na koleo za kung'olea. Koleo nzuri, usipime, zinang'aa.

"Mashine zinafuata?" akamuuliza kiongozi wa msafara, mama mmoja mcheshi mwenye nywele nyeupe ambaye wote walimwita Profesa. Tabibu lugha yao aliijua vizuri kutoka chuoni, tatizo lake lilikuwa la kuitumia kusema hapana.

"Mashine ni nzito, rafiki yangu! Ingebidi tuache zawadi za watu. Mwaka huu tunang'oa, mwaka ujao Mungu akipenda tunaziba."

"Vizuri sana," akasema Tabibu.

Alilitamka neno hilo kwa mara ya kwanza wiki ile. Wangelihesabu kama walivyohesabu meno, lingewashinda.

Jumatatu asubuhi alikuta chumba chake kimegeuzwa. Kiti chake cha kulalia wagonjwa kilikuwepo, kingine cha kukunja kimewekwa kando yake, na kabati lake la dawa limesukumwa nje kwenye korido, limegeuzwa uso ukutani. Mkuu wa Kituo, mtu wa suti hata kwenye joto, alimshika bega kwa upendo mkubwa.

"Tabibu, umeme wetu unaujua. Wewe utawashikia taa."

"Kushika taa, Mkuu?"

"Ni kazi nyeti hiyo. Taa ikiyumba, jino haling'oki." Akampa fulana ya msafara, saizi ya mtoto wa darasa la sita. Tabibu akaivaa. Ilimbana kitambi mpaka maandishi ya kifuani yakatanuka, na mtu akikaa mbali aliweza kuyasoma vizuri zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo hata hilo nalo tulihesabu kuwa ni mchango.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha Profesa. Cha pili kilipewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti wa miaka kama ishirini na miwili, mpole, mashavu mekundu kwa jua, mikono ikimtetemeka asubuhi na kutulia kufikia mchana. Neno pekee alilolijua la lugha yetu lilikuwa asante. Ukiketi, asante. Ukipiga yowe, asante. Ukitema damu, asante sana. Hadi saa nne watu kwenye foleni walikuwa wamekwisha kumbatiza jina hilo, Asante, na kina mama wakawa wanaombea waangukie kwake kwa sababu anapapasa shavu kabla ya sindano.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana lilikuwa letu, hakutuletea mtu kwenye sanduku.

Mwanzo zawadi zilikuwa za kila aliyefika. Kufikia saa tano walikuwa wamefika na wasio na meno kabisa, kwa hiyo Mkuu wa Kituo akatoa amri: ndoo, taulo na mswaki ni kwa waliopata huduma tu. Na huduma ilikuwa moja. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupanga foleni kwa muda wa saa tatu, na jua lile, hakuwa tayari kurudi nyumbani mikono mitupu kwa kisa tu kwamba meno yake ni mazima. Wengine hata ndoo hawakuifikiria. Wao walikuwa na aibu. Mgeni amekuinamia, amevaa glavu, anakutabasamia, anakuuliza wapi panauma. Utamwambia nini, hapaumi? Ametoka huko kote kuja kuambiwa hapaumi?

Mama mkwe wa Tabibu aliketi kwenye kiti cha Asante Jumatatu mchana na kuonyesha jino la nyuma. Tabibu akamulika. Jino lilikuwa zima kama la mtoto.

"Mama," akamnong'oneza kwa lugha yetu, "hili halina kitu."

"Najua, mkwe wangu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mtoto wa watu kapanda ndege mbili. Nimfunulie kinywa halafu nimwambie sina cha kumpa? Ningekuwa sijalelewa. Nina meno ishirini na sita, mwanangu, moja si neno."

"Anasema nini?" Asante akauliza.

"Anasema linamsumbua usiku," akasema Tabibu.

Likang'oka kwa shida sana, kwa kuwa lilikuwa halina sababu ya kutoka. Bibi hakulia. Alimpigia Asante makofi, akachukua ndoo yake, akaenda zake akitembea kwa madaha, shavu limevimba. Jioni Profesa aliandika ubaoni idadi ya meno ya siku, sabini na manne, na wageni wakapiga makofi, na wafanyakazi wa kituo nao wakapiga. Tabibu naye alipiga, kwa mkono mmoja kwenye paja, mwingine ukiwa bado na taa.

Kisha Profesa akawageuzia wenyeji uso. "Ndugu zetu, ninyi mnajua kwenu kuliko sisi. Kuna jambo lolote mngetaka tufanye tofauti?"

Mkuu wa Kituo akamtazama Tabibu. Muuguzi akamtazama Tabibu. Hata mfagizi aliyeegemea ufagio mlangoni akamtazama Tabibu. Siku ile Tabibu alikuwa ameanza kuhesabu kichwani meno ambayo yangezibika, akafika kumi na tisa, kisha akaacha kuhesabu kwa ajili ya afya yake.

"Vizuri sana," akasema. "Hatuna la kuongeza."

Jumanne foleni ilikuwa fupi kidogo, na Mkuu akaona ni aibu. "Watu wako hawaji, Tabibu. Hata wa nyumbani kwako? Mfano ungeanza kwako." Basi Tabibu akampigia mkewe simu, naye akaacha cherehani, akaja.

Alikuwa na tundu kwenye jino la juu la kutafunia, upande wa kushoto, linalouma akinywa maji baridi tu. Aliliongelea nyumbani tangu mwaka juzi, na kila mara aliambiwa Jumamosi. Alipoketi, mumewe alimmulika kinywani kwa taa, akaliona tundu lote, mwanzo wake na mwisho wake, akajua kabisa kwamba kwa kijiko na unga lingekwisha kabla cherehani aliyoiacha haijapoa.

"Baba watoto, linang'olewa au linaoshwa?" mkewe akauliza.

"Tulia tu. Wanajua wanachokifanya."

Akatulia. Asante alikuwa na siku nzuri, jino likatoka kwa mara moja, na pale kwenye sahani ya chuma Tabibu aliona mizizi yake mitatu, mirefu, myeupe, mizima. Mkewe alisukutua, akainuka, akakataa ndoo. "Ndoo ninazo," akasema, mdomo umelala upande mmoja, akarudi kwenye kazi yake. Tabibu akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akaitwa na mtu, "Taa! Taa!", akarudi.

Nyumbani jioni mkewe aliuliza swali moja tu. "Hivi na la mtoto watang'oa?"

"Wacha we! La mtoto ataliona Profesa mwenyewe. Jino la mbele hawawezi kuling'oa hivi hivi, hawa ni wasomi."

"Mashine ulizosema ziko wapi?"

"Zipo," akasema mwanamume yule, na mate yakampalia.

Alhamisi binti alivaa blauzi nyeupe ambayo mama yake alimshonea kwa ajili ya kazi, akaipigia pasi, akaja kupanga foleni kama watu wengine kwa sababu baba yake alisema hataki kusemwa. Njiani alimsisitizia mambo mawili: asimwite baba mbele ya wageni, amwite Tabibu, na asianze ubishi wa nyumbani. "Usinitie aibu, mama. Wanakuuliza, unajibu. Basi."

Tabibu alikuwa na mpango wake. Akihesabu foleni vizuri, na akimchelewesha mzee mmoja kwa maswali, binti angeangukia kiti cha Profesa. Kwa Profesa angepata ujasiri wa kusema neno, kidogo, kwa mzunguko, kitu kama "Profesa huonaje hili la mbele". Mpango ulikuwa mzuri. Saa nne kasorobo Mkuu wa Kituo akaja na mpiga picha, akamchukua Profesa kwenda kupigwa picha getini kando ya kibao kipya cha msafara, wakaondoka wakicheka. Kikabaki kiti kimoja, na mtu aliyefuata alikuwa wa blauzi nyeupe.

"Asante," akasema Asante, akimkaribisha.

Binti akalala kwenye kiti. Asante akatazama, akagonga jino kwa kijichuma, akapuliza hewa. Binti akashtuka. Asante akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akamwambia Tabibu, "Bado msichana hivi. Pole yake. Lakini nikiliacha litaoza lote, na sisi tunarudi mwakani. Mwambie nitamfanyia taratibu."

"Anasema nini?" binti akauliza.

"Anasema... atakufanyia taratibu."

"Atafanya nini taratibu?"

"Tulia, mama."

Sindano ikaingia. Mdomo wa juu ukaanza kufa ganzi. Asante akaigeukia sahani, akachagua koleo nyembamba, ya meno ya mbele, akaishika kama alivyofundishwa, na mikono haikutetemeka hata kidogo. Tangu Jumatatu alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha kwetu.

Na hapa Tabibu, mtu wa miaka arobaini na tisa, baba wa watoto wanne, mwenye cheti kimewekwa fremu sebuleni, alitenda tendo la kishujaa kuliko yote aliyoyaweza. Alizima taa.

"Betri," akasema kwenye giza la chumba kile kisicho na dirisha. "Imekwisha. Itabidi tuahirishe."

"Usijali!" akasema Asante, akatoa mfukoni kijitaa cha kuvaa kichwani, akakivaa, kikawaka kuliko ile taa ya kituo. Uso wa Tabibu ulimulikwa wote, jasho na fulana na kila kitu.

"Kuna jambo jingine," akasema haraka. "Ni la mila."

Mwenyewe alishangaa kujisikia. Mila hiyo ilikuwa haijamaliza hata sekunde tatu tangu izaliwe. Lakini Asante aliirudisha koleo kwenye sahani palepale, kwa heshima zote, akakaa wima.

"Binti ambaye hajaolewa," Tabibu akaendelea, akijishika hapa na pale kama mtu anayeshuka ngazi kwa giza, "kwetu haruhusiwi kung'olewa jino la mbele... siku ya Alhamisi."

Binti hakuielewa lugha yote, lakini "mila", "hajaolewa" na "Alhamisi" aliyaelewa. Akamtolea baba yake macho mpaka yakakaribia kudondoka.

Asante alikuwa ametoa daftari. Aliandika mila yote, na chini yake akaipigia mstari. "Samahani sana, hatukuambiwa. Ningeumia kuwakosea. Na Ijumaa, inaruhusiwa?"

Mila ilikuwa haijafika Ijumaa. Tabibu akaitafuta kichwani, asiipate, na mdomo wake uliozoea kukubali ukajibu wenyewe. "Inaruhusiwa."

"Vizuri! Basi kesho saa mbili, awe wa kwanza."

"Baba," binti akasema, neno likitoka limepinda kwa ajili ya ganzi, na safari hii hakukumbuka kumwita Tabibu. "Mila gani hiyo?"

"Nyamaza. Naokoa jino lako."

"Kwa hiyo alikuwa analing'oa? La mbele? Baba, na ulikuwa umesimama hapo na taa?"

"Fanya taratibu, watu wanasikia."

"Si umwambie tu! Mwambie unajua kuziba! Miaka yote hiyo unatuambia mezani, leo nimeziba matano, leo nimeziba sita, ilikuwa uongo?"

Akaanza kulia, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umekufa, machozi yalishuka mpaka kwenye blauzi bila yeye kuyasikia yakipita. Asante akampapasa mkono. "Anasema nini?" akauliza.

Tabibu alikuwa amekwisha fungua kinywa aseme, "Anasema asante." Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi kabisa. Akalitazama doa la chozi linavyotanuka kwenye kola aliyoishona mkewe, na neno likamkwama. Likakataa kutoka na likakataa kurudi. Akalimeza.

"Anasema mimi ni mwongo," akasema. "Na kweli. Hakuna mila. Hilo jino halitaki kung'olewa, linazibika. Naweza kuliziba mimi, sasa hivi, kwa dakika ishirini."

Kijitaa cha kichwani cha Asante kiliendelea kummulika Tabibu machoni, na hakuna aliyefikiria kukizima.

"Unajua kuziba?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Tangu lini?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Sasa kwa nini umeshika taa?"

"Nilipewa nishike."

Asante akavua glavu, moja baada ya nyingine, taratibu sana. Mashavu yake yalizidi wekundu wake wa kawaida. "Mimi ni wa mwaka wa tatu," akasema. "Kabla ya kuja huku nilikuwa nimeng'oa meno mawili maisha yangu yote. Wewe ulijua ninavyoshika koleo, uliniona. Kila jioni tunawauliza. Jumatatu nilikuuliza mimi mwenyewe, pembeni, pale bombani, kama tunafanya sawa. Ukaniambia..."

"Vizuri sana," akasema Tabibu.

"Na nikalala nimefurahi." Alikuwa karibu kulia na yeye. "Mangapi? Kati ya yote hayo, mangapi yalikuwa ya kuzibika?"

"Sijahesabu," akasema Tabibu. Kisha, kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha haribika, "Jumatatu peke yake kumi na tisa. Hapo nikaacha."

Asante aliinuka kwenye kiti chake kidogo cha mviringo, cha mng'oaji. Hakumwonyesha kwa mkono wala hakumwambia kaa. Aliinuka tu, akaichukua ile taa kubwa mikononi mwa Tabibu, akaiwasha, na kumbe betri ilikuwa nzima kabisa.

Tabibu akatoka mbio kwenye korido, akalivuta kabati lake lililogeuzwa ukutani, watu wa kwenye benchi wakamsaidia kuligeuza bila kujua kwa nini, akarudi na unga na maji yake na kijiko chake. Akaketi. Akakwangua. Mikono ile iliyokuwa inatoa jasho kwenye mpini wa taa ilikuwa mikavu. Alichanganya, akashindilia, akasawazisha, akambonyeza mwanawe jino kwa kidole gumba na kusubiri, kama anavyosubiri kila siku, akihesabu pumzi. Dawa haikuwa nyeupe kama jino lenyewe. Ilikuwa na umanjano kidogo, ukikaribia unaona. Binti alipopewa kioo alikitazama muda mrefu.

"Linaonekana kidogo," akasema.

"Linaonekana," Tabibu akakubali. "Usile kitu kwa saa moja."

Mkewe alikuwa amefika wakati huo, sindano ya cherehani imechomekwa kwenye kola, amesimama uani mbele ya mabenchi ya foleni. Moyo ulikuwa umemtuma kuja. Alipomwona binti anatoka mlangoni, alimkamata kidevu, akamfunua mdomo kama anayekagua mbuzi sokoni, na jino lilikuwepo. Akapiga kigelegele. Watu wa kwenye benchi wakacheka, bibi mmoja akampokea kwa chake, na hata Tabibu, aliyekuwa nyuma ya binti na fulana yake ya kubana, akaanza kutabasamu.

"Wamemziba wageni?" mkewe akauliza.

"Kaniziba baba," binti akasema. "Kwa kijiko."

Kigelegele cha pili kilikuwa kimekwisha anza. Kikakatika. Mkewe akalitazama jino la binti tena, kwa karibu, halafu akamgeukia mumewe. Ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye pengo, shavu la kushoto likavimba kidogo kwa ndani.

"Na langu?"

Tabibu akatafuta pa kutazama.

"Langu la juzi, Baba watoto. Nakuuliza. Lilikuwa la kuzibwa?"

Majibu yalikuwepo mengi. Angeweza kusema lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na nani angembishia? Jino lilikwisha tupwa. Angeweza kusema tuongelee nyumbani. Angeweza kusema lile neno lake la wiki nzima.

"Lilikuwa la kuzibwa," akasema.

"Na ulikuwa unaliona."

"Nilikuwa nalimulika."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, mara mbili, pole pole, kama mtu anayepima kitambaa na kuona kimepungua. Nyuma yake watu wa kwenye benchi walikuwa wameacha kucheka. Wachache walikuwa wa leo, wenye mashavu mazima. Wengine walikuwa wa Jumatatu na Jumanne, wamerudi kwa sababu damu haijakata au kwa sababu jirani kawaomba wamsindikize, na hao mikono yao ilikuwa imekwisha panda yenyewe hadi kwenye taya.

"Sema tena," mkewe akasema. "Kwa sauti. Hawa wa nyuma hawajasikia."

"Mama watoto..."

"Ulikuwa na sauti ya kusema nitulie. Sema."

Akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikaishia kwenye benchi la kwanza. Akakohoa, akasema tena kwamba meno mengi waliyoyatoa wiki hii yalikuwa ya kuzibwa, kwamba alijua, kwamba hakusema, kwamba mwenye jino bovu asiketi kwenye kile kiti kabla yeye hajalitazama. Hiyo ilifika getini. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa anapigwa picha huko, aligeuza shingo na tabasamu likiwa bado mdomoni.

Hakuna aliyemtukana, na heri wangemtukana. Mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alikunja paji la uso, akafikiri, akauliza, "Na anayezibwa, ndoo anapata?"

"Ndoo sijui, mzee wangu. Meno ndiyo ninayoyajua."

"Haya," mzee akasema, bila furaha yoyote, "litazame." Akainua kichwa kuelekea juani, akafungua kinywa palepale kwenye benchi. Tabibu akapiga magoti kwenye vumbi, akaegemeza mkono kwenye bega lake, akachungulia. Lilikuwa limeoza kwa kweli, hilo. Lilikuwa la kung'olewa. Akamweleza hivyo, na kwa nini, na mzee akamwambia arudie kutazama, maana hakumwamini. Akatazama tena.

Alipoinua kichwa, mkewe na binti walikuwa wamekwisha vuka geti wakielekea nyumbani, na hawakumsubiri.